Goti limeniendea uwanja wa chuo, mtihani ni siku 12 zijazo. Nitafute loya ama nimeze tu?

Winga_wa_Kushoto

Habari wasee. Hii ni ndefu mnivumilie, naandika nikiwa kitandani mguu uko juu ya mito miwili na simu iko asilimia 31 na stima zimepotea.

Niko mwaka wa tatu ualimu, Kiswahili na Historia, chuo cha umma hapa Nairobi. Sitakitaja juu bado nataka kumalizia hapo. Nacheza soka timu ya wasichana tangu nijiunge. Sasa Desemba uwanja wetu ulitumika kwa mahafali kama kawaida, tenti zikapigwa kutoka goli hadi goli. Januari tukirudi mazoezi tukapata tenti zimeenda lakini vile vyuma vya kushikilia kamba, vingine waling'oa wakaacha mashimo na vingine waligonga tu vikazama kidogo, unaona kichwa cha chuma kinachungulia kwa nyasi kama uyoga. Kapteni alipiga picha tarehe 19 Januari akatuma kwa grupu ya Watsap ya timu, grupu ambayo kocha yuko na afisa wa michezo yuko. Afisa akajibu na kile kidole gumba. Basi, ikaishia hapo.

Tarehe 6 Februari tulikuwa na mechi ya kirafiki. Kama dakika ya ishirini hivi napokea mpira, nageuka niingie ndani, njumu ikazama kwa shimo mpaka kisigino, mwili ukaenda mguu ukabaki. Nilisikia "pa!" kama mtu amevunja muwa kwa goti. Hakuna aliyenigusa, beki wao alikuwa mbali hata yeye alishtuka. Kufika jioni goti lilikuwa limevimba hadi suruali haikutoka, rafiki yangu aliikata na makasi.

Zahanati ya chuo nilifungwa bandeji nikapewa vidonge vya maumivu, nikaambiwa nimeteguka tu nipumzike siku tatu. Siku ya tatu nikishuka ngazi za hosteli goti likaenda kando kama mlango umelegea bawaba. Mamangu anauza nguo za watoto Gikomba, alichukua pesa ya chama tukaenda kufanya MRI nje. ACL, ile ligamenti kubwa ya ndani ya goti, imekatika yote, na meniskasi, ule mto wa gegedu, imechanika. Daktari wa mifupa anasema ni operesheni, na kurudi kucheza nihesabu kama miezi tisa.

Sasa masomo. Madarasa yetu yako orofa ya nne na lifti hakuna, na mimi natembelea magongo. Nimekosa CAT, yale majaribio ya katikati ya semesta, za masomo matatu. Mtihani unaanza siku 12 zijazo, halafu Mei tunafaa kwenda TP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni. Nilienda kwa chemani wa idara akaniambia nikae mtihani kama wengine ama niahirishe mwaka. Nikiahirisha TP imeenda, na TP kwetu ni mara moja kwa mwaka, kwa hivyo nitamaliza mwaka mzima baada ya wenzangu. Mpaka sasa tumetumia 87,400 na operesheni bado.

Naweza kushtaki? Mwaka unaopotea unaweza kulipwa? Na kuna fomu tulisaini mwaka wa kwanza ya kusema tunacheza kwa hiari yetu, hiyo imenimaliza? Loya hata sijui anaanzia pesa ngapi.

Mtu_wa_Jerikho

Pole dada. Lakini ukweli usemwe, mpira ni mpira. Ukivaa njumu umekubali kuumia. Hakuna korti itakulipa juu ulianguka ukicheza.

Kanzu_Nyeusi

@Mtu_wa_Jerikho umeongea nusu. Mimi ni wakili, kesi za majeraha nazifanya sana, ingawa hapa siongei kama wakili wake, ieleweke.

Ni kweli anayecheza amekubali hatari za mchezo wenyewe. Ungekuwa umekanyagwa na beki kwenye kung'ang'ania mpira ningekuambia pole, tafuta fizio, rudi darasani. Lakini shimo la tenti si hatari ya mchezo wa soka. Hakuna mahali kwenye sheria za soka pameandikwa mashimo ya mahafali. Tuna Sheria ya Wajibu wa Wenye Majengo na Ardhi, Sura ya 34, inasema mwenye kudhibiti mahali ana wajibu wa kuchukua tahadhari ya kutosha ili aliyeruhusiwa kuingia awe salama kwa ile shughuli iliyomleta. Wewe ulikuwa pale kuchezea timu ya chuo, kwenye uwanja wa chuo, kwa ratiba ya chuo.

Kitu kikubwa ulicho nacho si hata MRI. Ni hicho kidole gumba cha afisa. Kazi ngumu kwa kesi kama hizi ni kuonyesha kwamba walijua. Wewe una tarehe 19 Januari walionyeshwa, na tarehe 6 Februari umeumia. Siku 18 za kuleta toroli moja ya udongo. Kapteni asifute hiyo grupu, asibadilishe simu, na atoe nakala ya mazungumzo yote, si ile skrinshoti peke yake.

Jitayarishe chuo kiseme kosa ni la kampuni ya tenti. Wataitoa haraka sana hiyo, na sheria inawapa nafasi ya kujitetea hivyo kama walichagua fundi mzuri na wakakagua kazi yake. Lakini sasa walionyeshwa mashimo wakanyamaza, kwa hivyo huo utetezi unachechemea kuliko wewe. Loya mwenye akili atawaweka wote wawili kwa kesi wabishane wao kwa wao.

Fomu ya mwaka wa kwanza ilete tuisome maneno yake, kuna fomu na fomu. Kukubali kucheza kwa hiari hakumaanishi umekubali uzembe wa mtu.

Lakini kabla hujaenda mbali: SIKU KUMI NA MBILI. Kesi ina muda. Mtihani hauna.

Sapu_Survivor

Hapo mwisho ndipo pa maana. Mimi nilikuwa kwa hali kama yako, si mguu, ilikuwa apendeksi siku moja kabla ya mtihani. Nikamwambia mhadhiri kwa simu, akasema sawa pona kwanza, nikadhani imeisha. Semesta iliyofuata naangalia matokeo masomo manne hayana alama, na yule mhadhiri amehamia chuo kingine. Nilizunguka ofisi mwaka mzima na faili kwapani.

Dada usikubali hiyo ya "kaa mtihani ama ahirisha mwaka". Kuna njia ya tatu na chemani anaijua vizuri: SPESHALI. Speshali si sapu. Sapu ni ya aliyefeli, na vyuo vingi hata upate tisini wanakuandikia 40. Speshali ni ya aliyekosa mtihani kwa sababu inayokubalika, ugonjwa ikiwemo, na unapewa alama zako zote. Fungua kitabu cha kanuni za mitihani cha chuo chako, usisikize mtu wa korido, tafuta sehemu ya wagonjwa. Kawaida unaandika barua KABLA ya mtihani ama ndani ya siku chache, unaambatisha ripoti ya daktari, na zahanati ya chuo lazima igonge muhuri hiyo ripoti ya nje. Huo muhuri watu wengi huusahau, barua inarudishwa.

Na CAT pia uombe kwa maandishi, kila somo barua yake.

Ngong_Rd_Finest

Enda polisi ujaze P3, ile fomu ya majeraha, halafu upeleke mambo kwa lile Baraza la Migogoro ya Michezo. Hao huwa wakali.

Kanzu_Nyeusi

Hapana kwa zote mbili, mzee. P3 ni ya mambo ya jinai, mtu amepigwa ama ajali ya barabarani. Hapa hakuna aliyempiga. Anachohitaji ni ripoti ya daktari inayosema ameumia nini, amebakiwa na nini, na matibabu ya mbele yatagharimu ngapi. Hiyo ya mwisho watu huisahau na ndiyo yenye pesa, juu operesheni bado haijafanywa. Na Baraza la Migogoro ya Michezo, lile la Sheria ya Michezo ya 2013, ni la ugomvi wa mashirikisho, nani amenyimwa uteuzi, nani ameondolewa kwa kura. Goti la mwanafunzi si lao.

Na kabla mtu hajaleta ile sheria ya fidia ya wafanyikazi, hiyo ni ya aliyeajiriwa. Mwanafunzi hayumo.

MamaFizio

Mwanangu pole. Mimi ni mtaalamu wa fizio, nimeona magoti ya wachezaji mengi kuliko sahani. Nakuambia mawili tu.

Moja, usikae kitandani ukingoja operesheni. Paja la mbele linasinyaa haraka, hata kwa wiki chache unaona kwa macho. Kunja na kunyoosha vile utafundishwa, kaza paja ukihesabu hadi kumi, mara nyingi kwa siku. Wanaoingia operesheni na paja lenye nguvu hutoka vizuri. Na ukiambiwa usikanyage, usikanyage, juu ukijiongezea jeraha huko mbele hao wa chuo watasema nusu ya kosa ni lako.

Pili, enda kachukue faili yako ya zahanati sasa hivi. Eksirei huonyesha mifupa, ligamenti haionyeshi, hiyo nasamehe kama hawana MRI. Lakini goti limevimba saa hiyo hiyo, mgonjwa amesikia mlio, huyo anapelekwa kwa daktari wa mifupa, hapewi siku tatu. Kile kilichoandikwa siku hiyo ndicho kitasomwa baadaye, kwa hivyo pata nakala kabla mtu hajakumbuka kuandika vizuri.

Winga_wa_Kushoto

Asanteni, nimelia kidogo lakini ya shukrani. @MamaFizio nimeenda leo zahanati, nikaambiwa faili haitoki kwa mwanafunzi, ni mali ya chuo. Nilisimama kwa dirisha na magongo nusu saa.

Barua ya speshali nimeandika, nipelekee nani, chemani ama msajili?

Sapu_Survivor

Chemani, mkuu wa kitivo na msajili wa masomo, wote watatu. Chapa nakala ya nne YAKO, wakigonga muhuri wa kupokea kwa zao wagonge na kwa yako, tarehe ionekane. Wakikataa kugonga tuma kwa barua pepe ukiwa umesimama hapo hapo mbele yao. Hiyo karatasi yenye muhuri ndiyo iliniokoa nikakalia mitihani yangu, si loya.

Kanzu_Nyeusi

Karatasi ya faili ni mali yao, habari zilizo ndani zinakuhusu wewe. Una haki ya kupata habari zako chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na chuo cha umma kiko pia chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, wana siku 21 za kukujibu. Usibishane na dirisha. Andika barua fupi, uombe faili yako ya zahanati, ripoti ya ajali ya siku hiyo kama iko, na mkataba wa tenti za mahafali. Huo mkataba pengine watakatalia, lakini kuuomba tu kunawaamsha.

Chemani akikataa speshali, mwombe aandike amekataa kwa nini. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya sababu kwa maandishi. Nimeona maamuzi mengi yakibadilika pale mtu anapoombwa tu ayaandike. Na maliza rufaa zote za ndani ya chuo kwanza, korti hukurudisha kama umeruka ngazi.

Mambo ya muda sasa. Kesi ya uzembe ni miaka mitatu tangu siku ya kuumia. Lakini kushtaki serikali ni miezi 12, na ingawa chuo kina jina lake na kinashtakiwa kwa jina lake, mimi sipendi kusimama kortini nikibishana juu ya kalenda. Jihesabie mwaka mmoja.

Mtu_wa_Jerikho

Nakubali nilikosea hapo juu. Kuna loya namjua mtaani, hutoi chochote mfukoni, yeye anakata asilimia 30 ukishinda.

Kanzu_Nyeusi

Na hapo umekosea mara ya pili, leo si siku yako 😂. Mkataba wa wakili kulipwa ukishinda tu ni batili hapa Kenya, kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili. Najua hufanyika, najua mpaka bei. Lakini mteja ndiye huumia, juu pesa ikiingia akaunti ya loya hakuna karatasi halali ya kusema nani anachukua ngapi.

Dada, njia za bei rahisi ziko. Kituo cha Sheria wamesaidia wasiojiweza tangu 1973. Kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iko kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Ukipata loya yeyote, tafuta jina lake kwa tovuti ya Chama cha Mawakili uone kama leseni yake ya mwaka huu iko hai.

Halafu kuna Korti ya Madai Madogo. Inachukua madai hadi milioni moja, majeraha ya mwili yamo, na sheria inataka iamue ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia mwenyewe. Shida yako ni hesabu: operesheni, fizio, maumivu na mwaka ukijumlisha unaweza kuvuka milioni, na hapo unaenda kwa hakimu wa kawaida. Usikimbilie huko kabla daktari hajakuandikia gharama za mbele.

Gharama ulizolipa tayari, korti zetu ni kali: kila shilingi uitaje na uithibitishe. Risiti za hospitali, taarifa ya M-Pesa, hata teksi za kwenda kliniki. Na huo mwaka uliuliza: unadaika, lakini si kwa kusema "nimechelewa". Ni barua ya chuo kwamba umeahirisha kwa sababu ya jeraha, karo uliyolipa mara mbili, kodi ya nyumba ya mwaka wa ziada. Na ukikataa speshali uliyopewa halafu udai mwaka, wataniuliza, samahani, watamuuliza loya wako, kwa nini hukupunguza hasara. Ndiyo maana mimi na Sapu tunakusukuma kwa masomo kwanza.

Kamba_Mbili

Angalia pia taarifa yako ya karo. Kwetu kila semesta kulikuwa na laini ya bima ya ajali, shilingi mia tano, hakuna mwanafunzi alikuwa anajua ni ya nini. Kijana wa vikapu alivunjika mkono akalipwa bili yake yote na hiyo, bila kesi. Lakini huwa wanataka waambiwe mapema. Na ukiahirisha waandikie HELB, wale wa mikopo ya wanafunzi, wasidhani umeacha shule.

Winga_wa_Kushoto

Wasee naangalia taarifa ya karo sasa hivi na IKO. Mia tano, semesta sita, jumla elfu tatu. Na sikuwahi kuambiwa.

Kamba_Mbili

Mia tano ndiyo hao. Ofisi ya msimamizi wa wanafunzi, uombe fomu ya madai.

Winga_wa_Kushoto

Nimerudi baada ya wiki saba hivi, niliahidi watu wa inbox.

Speshali nimepewa masomo yote matano. Chemani alikataa kwa mdomo, nikaomba aandike, akasema nije kesho, kesho nikapata barua ya kukubali imeshachapwa. Hakuniangalia usoni. CAT mbili nimefanyia ofisini kwa mhadhiri orofa ya chini, ya tatu mhadhiri alisema atanipa alama ya mradi.

TP ndiyo ilinishangaza. Mratibu wa TP, mama mmoja mkali sana ambaye wote tunamwogopa, alisoma ripoti ya daktari akaniuliza tu, "Unaweza kusimama dakika arobaini?" Nikasema naweza na gongo moja. Amenitafutia shule ya upili Eastlands yenye madarasa chini, dakika kumi kutoka kwa mama. Kwa hivyo operesheni tumesukuma hadi Agosti baada ya TP, daktari amekubali mradi nifunge ile kifaa ya goti na nisikimbie. @MamaFizio paja nakaza nikisahihisha insha.

Faili ya zahanati ilikuja siku ya 20. Imeandikwa "aliteleza akicheza, uvimbe kidogo". Kidogo! Ile suruali iliyokatwa bado iko kwa begi.

Nimepata loya kwa msaada wa kisheria, dada mmoja anaongea polepole mpaka unadhani amesahau swali. Ametuma barua ya madai kwa chuo na kwa watu wa tenti. Wa tenti wamejibu kwamba waling'oa vyuma vyote. Na wiki jana bima imeniita, wanataka kunilipa 60,000, nisaini karatasi.

Kanzu_Nyeusi

USISAINI. Soma mstari wa mwisho mwisho wa hiyo karatasi, utapata maneno kama "malipo kamili na ya mwisho" na kwamba umesamehe chuo na mawakala wake madai yote. Bima ya ajali ya mia tano ni haki yako kwa mkataba wake, haifai kubebana na kesi ya uzembe. Loya wako aandike ukubali 60,000 kama malipo ya bima peke yake. Wakikataa, hiyo 60,000 ilikuwa ya kununua kesi.

Winga_wa_Kushoto

Nimeangalia, iko hapo neno kwa neno, herufi ndogo kama za chupa ya dawa. Naenda kwa loya Alhamisi nikitoka darasani.

Halafu kapteni amenitumia picha jana. Wameziba mashimo, murram mpya nyekundu kila mahali, uwanja una madoa kama mtoto wa tetekuwanga. Lakini karibu na kibendera cha kona, upande wangu wa kushoto, kuna chuma kimoja wamekisahau. Nimemwambia asikiguse. Arudi na rula na gazeti la leo, apige picha tena kabla watu wa uwanja hawajakiona.

Sapu_Survivor

Na risiti ya hilo gazeti uweke.